Tofali, Chapati na Darasa la Wapimaji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa darasa. Si la kurithi kwa mwalimu aliyehama au aliyekwenda kujifungua. Ni langu, jipya, halijawahi kufundishwa hapa chuoni kwetu Mbagala: upimaji wa programu. Vijana wa kutengeneza mifumo ya kompyuta tunao wengi. Wa kukaa mbele ya mfumo wa mwenzao na kuutafutia kasoro kabla mteja hajaziona, hatuna hata mmoja.

Mkuu wa chuo, Mzee Fakihi, mtu wa Masasi, mpole hata akikufukuza kazi utadhani anakukaribisha chai, aliniita ofisini. Amefunga, kwa hiyo alisema machache. "Mwalimu Auleria, bodi imekubali kwa shingo upande. Ni muhula huu mmoja tu. Mwishoni mwa Mei watakuja watu wa kampuni inayotengeneza mifumo ya zahanati, wawajaribu vijana wako. Wakiwachukua hata wawili kwenda kujifunza kazini, somo linabaki. Wasipochukua, chumba kinarudi kwa wenzetu wa ushonaji."

Nimemwambia aniachie mimi. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Watu husema Wahaya tunajisifu, na wanasema kweli, ila husahau kuongeza kwamba mara nyingi tuna sababu.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya kwanza ni kitabu. Fungu la fedha linatosha aina moja kwa darasa zima, nusu tuagize sasa na nusu baada ya Pasaka. Muuza vitabu wa mjini kaniazima viwili nivitazame. Vyote vya Kiingereza. Vya Kiswahili nimeulizia, sijapata.

Kimoja kinene, jalada gumu, istilahi zote za fani zimo, kila sura na maswali yake. Ukikiweka mezani watu wanageuka. Kingine chembamba, kimeandikwa na mama mmoja aliyefanya kazi ya upimaji mpaka akastaafu. Humo ni masimulizi ya ofisini, nani alimwambia nani kasoro gani na akajibiwaje. Nimesoma kurasa chache nikakisukuma pembeni. Darasa langu ni la chuo, si kijiwe cha kahawa.

Nimechagua kinene. Mzee Fakihi alikipima kwa mkono akaridhika. Alisema bodi inapenda kitu kinachoonekana.

Jumatatu, 10 Machi

Vitabu vimefika. Haikupita saa moja vikapewa jina. Stephano, kijana mrefu anayekaa nyuma, alikinyanyua chake kwa mikono miwili: "Madam, hiki kikikosa msomaji tutajengea." Basi darasa zima sasa linakiita Tofali. Nimewakemea kidogo kwa ajili ya heshima, lakini nimefurahi. Kitu kikipewa jina la utani ujue kimepokelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tulisoma istilahi kwa mwanga wa dirishani.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Istilahi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewauliza istilahi za sura tatu, wamezitaja kwa ghibu bila kukwama. Editha, binti wa Kizuiani ambaye sauti yake lazima uisogelee, kazitaja zote mpaka zile ambazo mimi mwenyewe huzichungulia. Nilitembea kwenda nyumbani kwenye matope bila kuyaona. Mdogo wangu Hope, ninayeishi naye, aliponifungulia mlango alitazama viatu kisha uso, akasema, "Leo umejisifia kwa nani?"

Alhamisi, 27 Machi

Siku kubwa. Mwenzangu Gozbert, mwalimu wa kuandika programu, ametengeneza mfumo wa kutunza alama za wanafunzi wa chuo kizima. Nilimwomba atuachie tuufanyie mazoezi, akakubali kwa moyo mweupe. Vijana wameuchezea wiki nzima, kukiwa na umeme na ukikatika. Leo wamesimama kutoa taarifa mbele yake na mbele ya Mzee Fakihi.

Stephano alianza kwa kumpongeza mwalimu kwa kazi kubwa na nzuri. Yuliana akasifu rangi. Brightson akasema mfumo umerahisisha maisha ya walimu na Mungu ambariki aliyeutengeneza. Mwisho Editha, kwa ile sauti yake: "Tunashauri pia chuo kikiweza kinunue jenereta." Tulicheka wote, tukapiga makofi. Gozbert alisimama akainama kidogo kama bwana harusi. Mzee Fakihi aliniambia mlangoni kwamba suala la jenereta atalifikisha kwenye bodi, vijana wameona mbali.

Kasoro sifuri. Nadhani ni kwa sababu Gozbert ni hodari. Ni hodari kweli.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nyumba ya Mzee Fakihi imetuletea pilau sufuria nzima, sisi Wakatoliki wawili tu. Hope amekula mpaka akanyamaza.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbaya, lazima niiandike yote.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati hata salamu hazisikiki. Alama za mtihani wa nusu muhula zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, zimetoka kwenye mfumo wa Gozbert. Nilikuta kundi la watu pale. Yuliana, ambaye hesabu kwake ni maji ya kunywa, alikuwa analia, kapata alama za mtu aliyelala kwenye mtihani. Na Brightson alikuwa amesimama pembeni anashangaa: "Mie sikufanya mtihani, Madam. Nilikuwa na malaria. Lakini nimefaulu vizuri tu."

Hatukukawia kuelewa. Gozbert alipokuwa anaingiza alama umeme ulikatika. Uliporudi akaendelea alipoachia, na mfumo ukampa kila mwanafunzi alama za aliyemtangulia kwenye orodha. Toka hapo kwenda chini, chuo kizima kimevaa shati la mwenzake. Wazazi wengine walikuwa wameshapigiwa simu.

Nikaingia darasani kwangu, nikafunga mlango. Nikauliza, "Mlikaa na mfumo huu wiki nzima. Hakuna aliyeliona hili?"

Stephano akanyanyua mkono, nusu.

"Tuliliona, Madam."

"Nani aliliona?"

"Wote. Umeme ulivyokatika siku ile ya kwanza, alama zikahama. Tukajaribu tena, zikahama tena."

"Na mkanyamaza?"

"Hatukunyamaza, Madam. Tulisema."

"Mlisema lini, Stephano? Mimi nilikuwepo!"

Akajikuna shingo. "Tulisema chuo kinunue jenereta."

Nilikaa chini. Editha akasimama bila kuitwa, macho sakafuni. "Madam, Sir Gozbert anatufundisha. Mkubwa kwetu, na Mkuu yupo pale anasikiliza. Ningeanzaje kumwambia mbele za watu kazi yake mbovu? Hata ukikaribishwa chakula kwa watu, chumvi ikizidi, si unaombaga maji tu?"

Kweli kabisa, ndivyo tulivyolelewa wote. Hata mimi nimeomba maji kwenye nyumba za watu mara nyingi, nikasifu mboga. Na siku ile vijana walipoomba maji mbele yangu, mimi mwalimu wa upimaji, msomi, mwenye Tofali mkononi, nilipiga makofi.

Gozbert nilimkuta ofisini, amekaa tu. Nilidhani atatukana. Alisema polepole, "Ningeambiwa ningerekebisha kwa siku moja. Wanafunzi wako walijua, wakaniacha niende kuumbuka mbele ya chuo kizima. Hiyo ndiyo heshima?" Alikuwa anasema kweli, na sikupenda kuambiwa ukweli na mtu wa kijiji cha jirani na chetu kule Muleba.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Gozbert hanisemeshi. Alama zimebanduliwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee Fakihi ameniita. Bodi imesikia. Mmoja wao kauliza kuna faida gani ya darasa la kutafuta kasoro lisiloona kasoro iliyo chini ya pua yake. Nikamwambia waliiona. Akasema, "Hilo ndilo linanitisha zaidi, mwalimu." Watu wa ushonaji wamekuja kupima madirisha.

Jumapili, 13 Aprili

Tumetoka misa ya Matawi tukarudi tumelowa. Mchana mvua ilitufungia ndani. Hope, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta kwake ni ya kuchapia risiti, alikuta kile kitabu chembamba chini ya pasi, ambako mimi ndiye niliyekiweka. Akaanza kusoma, akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Dada, kumbe kazi yenu ni kumwambia mtu ukweli halafu msigombane?"

Nikamnyang'anya. Nimekisoma mpaka jioni. Yule mama hafundishi majina ya vitu. Anafundisha kusema. Anasema mtengenezaji si adui yako, na kumficha kasoro yake si wema, ni kumwachia mgeni amwambie kwa sauti kubwa. Taarifa yake ina sentensi tatu: nilifanya hivi, nilitarajia hivi, nikaona hivi. Hakuna mahali pa kusifia wala pa kuomba radhi. Halafu kuna sura nzima ya mazoezi ya watu wawili wawili, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, kisha wanabadilishana.

Nilikuwa na kitabu hiki nyumbani tangu mwanzo wa muhula. Nilikinyima darasa kwa sababu hakikuwa kinene. Nimeona aibu, na aibu ikinishika mimi hupata nguvu za ajabu.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimewafanya wapime vitabu.

Niliweka Tofali na kile chembamba mezani nikawaambia: hii ni mifumo miwili, imetengenezwa na watu, na aliyechagua kimoja kati yao ni mimi. Kabla sijaagiza nusu iliyobaki, nataka kasoro. Mtu atakayesema samahani anaanza upya. Atakayesifia anaanza upya. Nikawapa siku nzima wasome, wagawane, wabishane.

Walipotazama unene wa kile cha pili, Stephano akakipa jina: Chapati.

Mchana wakaanza kutoa taarifa. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Yuliana alianza "Samahani Mad..." darasa likamzomea, akaanza upya. Brightson alisifia jalada, tukamkalisha. Ilibidi Stephano asimame mara kadhaa ndipo sentensi ikatoka safi. Kisha akaja Editha, akanitazama mimi usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nilisoma Tofali sura tatu za mwanzo. Nilitarajia kujua nikikaa mbele ya mfumo nianze na nini. Nimejua majina ya vitu, kuanza bado sijui."

Nikamuuliza, "Na aliyekichagua?"

Aliona mtego, lakini hakuukwepa.

"Alichagua kitabu. Alitarajia kitusaidie. Hakijatusaidia."

Hakuna samahani, hakuna hongera, hakuna jenereta. Iliniuma kweli, sisemi uongo. Na papo hapo kifua kikanijaa nikashindwa kukaa. Nikampigia makofi peke yangu, safari hii nikijua ninachokipigia.

Chapati nacho hakikupona. Mifano yake ni ya viwanja vya ndege na maduka makubwa ya kwao. Hakuna umeme kukatika wala mtandao kuzubaa. Kupanga kazi ya siku nyingi hakifundishi, na Tofali linafundisha vizuri sana. Mwisho wakakubaliana wenyewe: kila mwanafunzi awe na Chapati, maana bei yake ni nusu ya Tofali, Matofali yabaki rafuni ya kufungua mtu akiwa na swali, na mifano tuandike ya kwetu. Katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuona kamati ya vitabu iliyofanya kazi namna hii.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Nimekwenda kwa Mzee Fakihi kuomba nusu ya pili ya vitabu iwe Chapati. Alikigeuza mkononi, chepesi kile, akasikitika kwa ajili ya bodi.

"Kwa hiyo mwanzoni ulikosea?"

"Nilichagua bila kupima, Mzee."

Akacheka mpaka akavua miwani. Ametia saini.

Alhamisi, 24 Aprili

Vijana wamempelekea Gozbert kasoro zote za mfumo wake, si ile moja tu, kwa sentensi tatu tatu. Walibisha hodi, wakamwamkia, wakasema, wakatoka. Nilikuwa koridoni nasikiliza na sioni haya kuandika hivyo. Gozbert aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Kisha akamuuliza Stephano, "Zimeisha, au kuna nyingine mnanionea huruma?"

"Zimeisha, Sir."

"Ongeza kiti, basi. Unionyeshe hiyo ya tatu."

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Nimelala.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Barabara ya kwetu imekuwa mto, waliofika ni wachache. Tumefanya zoezi la wawili wawili. Mimi nilikuwa mtengenezaji mkorofi. Hope anasema nafasi hiyo sikuhitaji mazoezi.

Jumatatu, 19 Mei

Sasa wanapima kila kitu. Mama ntilie wa getini kaambiwa: "Nilinunua maandazi. Nilitarajia ya leo. Ni ya jana." Kawafukuza, kisha kawabadilishia. Nimewaambia shikamoo ije kwanza, wasinitafutie kesi mtaani.

Ijumaa, 23 Mei

Wamekuja. Monica, mkuu wa wapimaji wa kampuni ile, dada wa makamo mwenye kalamu sikioni, na fundi wao mkuu, Mzee Theonest, mvi kichwa kizima, mtu anayeongea kama ameshamaliza. Walileta mfumo wa miadi ya zahanati: mtu anapanga siku ya kumwona daktari kwa simu. Vijana wakapewa asubuhi yote. Mchana ilikuwa kutoa taarifa, na wajumbe wa bodi wamekaa kwenye viti vya plastiki ukutani. Umeme uliwaka siku nzima, nikashindwa hata kuulaumu.

Stephano alikwenda vizuri. Yuliana vizuri zaidi. Monica aliandika, hakutoa dalili yoyote. Nilikuwa nafikiria chumba changu kimejaa vyerehani.

Editha akasimama, akawaamkia wakubwa wote, kisha akaanza.

"Nyumbani kwetu simu ni moja. Niliwapangia miadi wadogo zangu wawili kwa namba hiyo hiyo, mmoja leo na mwingine kesho. Nilitarajia wote wawili waonekane. Ameonekana wa mwisho. Wa kwanza amefutika."

Mzee Theonest hakutazama hata kompyuta. "Hiyo siyo kasoro, binti. Ndivyo tulivyopanga. Namba moja, mgonjwa mmoja."

Hapo ndipo nilipojua tumefika. Mkubwa kasema, mbele ya bodi, mbele ya Mkuu. Kila tulichofundishwa tangu utotoni kinasema sasa uombe maji ukae. Mzee Fakihi aliinamisha macho. Editha alishika ukingo wa meza. Nilimwona anatafuta neno samahani, nikaona linamjia mpaka mdomoni, na nikaona anavyolirudisha.

"Basi mpango ndio wenye kasoro, mzee wangu," akasema. Sauti ile ile ya chini, ila safari hii hakuna aliyehitaji kuisogelea. "Mama atafika zahanati na mtoto mwenye homa, ataambiwa jina halipo. Hatajua kwamba ndivyo mlivyopanga."

Mjumbe mmoja wa bodi alikohoa. Mzee Theonest alimtazama Editha muda mrefu, akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta, akaanza kuandika mwenyewe. Mtoto wa kwanza. Mtoto wa pili. Akasoma kioo. Akarudia tangu mwanzo, taratibu zaidi. Kisha akageuka kwa Monica, si kwetu.

"Huyu sirudi mjini bila yeye."

Monica akatoa kalamu sikioni. "Na yule mrefu," akasema.

Sikulia. Niliinama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Ijumaa, 30 Mei

Jua. Bodi imekaa asubuhi, somo limebaki, na maombi ya muhula ujao tayari yamezidi viti. Jumatatu Editha na Stephano wanaanza kazini kwa watu. Wanafunzi wangu. Nimelitamka neno hilo njia nzima kutoka ofisini, na nitakayemkuta barabarani nitamwambia.

Mchana Mzee Fakihi alikuja darasani mwenyewe, jambo asilolifanya. Anataka kuagiza vitabu mapema kabla bodi haijabadili moyo. Aliketi kwenye dawati la mbele, akafungua kalamu.

"Haya, mwalimu. Muhula ujao tuchukue kitabu gani?"

"Muulize Editha, Mzee."

Akacheka, akidhani natania. Nilimtazama tu. Akaendelea kucheka kidogo, akapunguza, akaacha. Akafunga kalamu, akanyanyuka, akatoka nje kumtafuta.